Kigoda, Siwa na Jembe: Sanaa Katika Mabaraza ya Wafalme wa Kale

Wafipa husimulia kwamba mtawala wao wa kale, aliyekaa Milanzi, alipokuwa akienda kuwinda alimwusia mkewe asimpe mgeni yeyote kigoda chake cha enzi. Nyuma yake wakafika wanawake wa ukoo wa Watwa, wageni wa nchi ya mbali, wakadai kigoda kile. Mke akakitoa, na mmoja wa wageni akakikalia. Bwana aliporudi na mawindo yake hakukuwa na vita, maana alipomwona aliyekaa alifahamu kwamba nchi imekwisha kumtoka, naye akabakiwa na mlima wake na dhima ya matambiko, ilhali utawala wa Ufipa ukawa wa Watwa, kizazi baada ya kizazi.

Hadithi hii, ambayo wazee wa Ufipa waliihifadhi kama hati ya nchi, inatufundisha jambo ambalo msomaji wa leo, aliyezoea kuona ngoma na vigoda vimepangwa nyuma ya kioo cha makumbusho, huweza kulisahau kwa urahisi: katika baraza la mfalme wa zamani kitu kizuri hakikuwekwa kwa ajili ya kupamba utawala, bali kitu kile ndicho kilichokuwa utawala wenyewe. Si Afrika peke yake iliyofikiri hivyo. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyehamishia makao yake Versailles mwaka 1682, aliwafunga makabaila wake kwa adabu na sherehe kuliko kwa minyororo, hata mtu mwenye mashamba na majeshi akahesabu kuwa ni jaha kubwa kumpa mfalme shati lake asubuhi alipoamka. Aliyepewa ruhusa ya kusimama karibu na kitanda alikuwa mtu, na aliyenyimwa alikuwa si kitu.

Turudi Afrika, kwa jirani za Ufipa. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kupewa makao makuu Vwawa, haukuwa na dola moja kubwa ya kulinganishwa na zile za ng'ambo. Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Tunduma na bonde la Momba, Wawanda walio karibu na Ziwa Rukwa, na Wandali wa milima ya Ileje, walikaa katika milki nyingi ndogo, na mtawala aliitwa mwene. Wanyamwanga huihesabu nasaba ya wamwene wao hadi kwa Musyani, na hesabu hiyo ya majina, inaposemwa na mzee anayeijua barabara, ni sanaa na ni sheria kwa pamoja, kwa sababu ndani yake mna haki ya ardhi, cheo cha kila mlango wa ukoo, na mipaka ya udugu.

Lakini sanaa kuu ya nchi hii ilikuwa chuma. Wafua chuma wa Unyiha, kama jirani zao wa Ufipa, walijenga tanuru la udongo refu kuliko mtu, ambalo Wafipa huliita ilungu, wakalijaza kutoka juu makaa na mtapo kwa tabaka, wakaacha upepo uingie wenyewe kwa mabomba ya udongo yaliyotiwa chini kuzunguka shina lake, bila ya mtu kuvukuta. Kazi hiyo ilipokwisha walipata donge la chuma kisicho safi, nalo likapelekwa katika tanuru dogo la pili, ambalo lilihitaji mivukuto, ili litakaswe kabla ya kufika kwenye nyundo. Wakati wote huo mafundi walijitenga na wake zao, na dawa ziliwekwa ndani ya tanuru, kwa kuwa kuyeyusha chuma kulifahamika kama kuzaa, na uzazi hauchezewi. Tanuru halikuchongwa sanamu wala kutiwa rangi. Hata hivyo, mtu aliyewahi kutazama mabaki yake atakubali kwamba mikono iliyolisimamisha ilijua umbo, na ilijua pia kwamba kazi inafanywa mbele ya macho ya wahenga. Jembe lililotoka humo lilikuwa zana ya kulimia, lilikuwa mahari, lilikuwa bidhaa ya kubadilishana, na lilikuwa heshima ya kupeleka mbele ya mkubwa. Mwene aliyepokea jembe alipokea mvua, mavuno na ndoa za nchi yake katika kipande kimoja cha chuma.

Fikra hiyo ilifika kileleni kaskazini-magharibi ya nchi yetu, katika ufalme wa Karagwe, ambako chuma kilitoka mikononi mwa mkulima kikaingia katika hazina ya mfalme. Wasafiri Speke na Grant walipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 walionyeshwa vyombo vya enzi vya chuma na shaba, na Stanley aliyewafuata mwaka 1876 alivichora: mikuki isiyokusudiwa kuua, na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, wasioweza kukamuliwa. Hakuna shamba lililolimwa kwa vyombo hivyo. Kazi yao ilikuwa kusema, bila ya ulimi, kwamba mfalme ndiye baba wa ng'ombe na ndiye mfua chuma mkuu, yaani utajiri wa wafugaji na ujuzi wa mafundi vimekutana katika kiti kimoja.

Pwani mambo yalikuwa ya namna nyingine, ingawa hoja ilikuwa ile ile. Huko pembe ya tembo, iliyotoka bara kwa mabega ya wapagazi, iligeuzwa kuwa sauti. Siwa ya Pate, ambayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ni baragumu la pembe lililonakshiwa, lenye urefu unaopita mita mbili, ambalo hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Lamu nayo ina yake ya shaba. Siwa haikulia ovyo ovyo. Ililia katika kutawazwa kwa mtawala na katika arusi na sherehe za watu wenye nasaba, na ilipolia mji mzima ulijua nani ni nani. Kuinyakua siwa ya mji kulikuwa sawa na kuuteka mji huo, kama vile kukalia kigoda cha Milanzi kulivyokuwa sawa na kuiteka Ufipa.

Katika baraza la Pate hiyo hiyo neno nalo lilikuwa chombo cha enzi. Mwaka 1728 Bwana Mwengo wa Athumani alitunga, kwa amri ya sultani wa Pate, Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, nao umo katika kazi za kale kabisa za Kiswahili zilizotufikia zikiwa zimeandikwa. Tuutazame mwaka wenyewe. Mreno, aliyekuwa amefukuzwa Ngome ya Yesu na Waomani mwaka 1698, alirudi Mombasa mwaka ule ule wa 1728, na pwani yote ilikuwa katika shaka, kila mji ukipima ni bwana yupi wa kufuatwa na yupi wa kukataliwa. Sultani aliyeagiza utendi mrefu juu ya vita vya dini wakati kama huo hakuwa akitafuta burudani ya jioni, hata kama burudani ilikuwamo. Alikuwa akiwakumbusha raia wake wao ni nani, na kuwaambia jirani zake kwamba Pate ina dini, ina elimu na ina washairi.

Tusidhani kwamba pwani na bara zilikuwa dunia mbili. Pembe zilizotoka katika nchi iliyo kati ya Nyasa na Tanganyika, ambayo Songwe ni kitovu chake, zilishuka hadi Unguja, na ushuru wa pembe ulikuwa miongoni mwa mapato yaliyompa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, uwezo wa kumpeleka mpiga muziki wake Misri akajifunze, na wa kulijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Kwa upande mwingine nguo, bunduki na lugha ya Kiswahili zilipanda bara. Merere wa Usangu, aliyekimbia nguvu ya Wahehe akajenga boma la mawe Utengule, karibu na Mbalizi ya leo, aliwapokea katika baraza lake watu wa pwani. Na Elton, balozi wa Mwingereza aliyekuwa kwake mwaka 1877, alijikuta amezingirwa humo pamoja na wenyeji wake. Nguo iliyotoka pwani ilikuwa kitu cha kugawa: mtawala alionekana mkubwa kwa vile alivyovitoa mbele ya watu kuliko kwa vile alivyovificha ndani.

Kisha ukaja mstari. Mapatano ya Mwingereza na Mjerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliikata nchi baina ya maziwa mawili, na tume ya mwaka 1898 ikaja kuusimamisha mpaka ule juu ya ardhi, ukapita katikati ya Wanyamwanga. Upande wa Nakonde, nchini Zambia, machifu wangali wakitambuliwa na sheria, na miongoni mwao yumo mwanamke, Nawaitwika. Upande wa Tunduma serikali ya Tanganyika huru iliufuta uchifu mwaka 1963. Mimi naona serikali ilikuwa na haki, kwa sababu taifa changa halikuweza kuwa na mabwana mia katika nyumba moja, na cheo kinachopatikana kwa damu hakipatani na usawa wa raia. Ila kufuta madaraka ni jambo moja, na kuacha ngoma ioze darini ni jambo jingine. Sheria ile haikumwamuru mtu yeyote aache kukumbuka.

Wasukuma wametuonyesha njia. Huko Bujora, karibu na Mwanza, kwa jitihada zilizoanza miaka ya 1950 chini ya Padre David Clement, ngoma na vyombo vya watemi vilikusanywa na kutunzwa, na banda lao la kifalme likajengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Songwe ina Kimondo cha Mbozi, ambacho wageni huja kukitazama, na ni haki yao. Basi pawepo na nyumba pia, si lazima iwe kubwa, ya vigoda, ngoma, majembe ya kale na matanuru ya wafua chuma. Halmashauri za Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na mji wa Tunduma zikishauriana na koo za wamwene, na zikiwaalika ndugu wa Nakonde, kazi hii haizidi uwezo wao. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee ajuaye jina la ngoma ya mwene, aliyeipiga, na siku gani ilipigwa, nenda kwake na daftari wiki hii, uandike.