Biskuti ya Mbwa: Unga, Yai na Dagaa wa Mwanza

Ukiiuma biskuti ya mbwa iliyookwa sawasawa utadhani mpishi kasahau nusu ya vitu. Haina chumvi, haina sukari, haina hamira, na ugumu wake unakutia wasiwasi na jino lako. Hakusahau kitu. Chakula hiki sifa yake kubwa ni vile visivyotiwa ndani, na baada ya hapo ni unga wenyewe, jambo ambalo wapishi wengi wa mbwa hawalifikirii hata kidogo.

Kumwokea mbwa si anasa ya juzi. Columella, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, aliwashauri wenye mashamba wawape mbwa unga wa shayiri uliochanganywa na maji yanayobaki jibini likishatengenezwa. Penye mizabibu tu, pasipo mifugo wa kukamuliwa, alisema mbwa apewe mkate wa ngano uliolowekwa katika maji yaliyochemshiwa maharage. Akaonya maji hayo yawe vuguvugu, kwani ya moto yangemtia mbwa kichaa. Hapo alikosea: kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyoenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, na kinga yake ni chanjo, wala si kupoza mchuzi. Ila kwa upande wa wanga mzee yule aliona mbali.

Biskuti ya kiwandani ilikuja baadaye sana. Mmarekani mmoja wa Ohio, James Spratt, alivuka bahari kwenda Uingereza karibu na mwaka 1860 kuuza vikinga radi. Husimuliwa kwamba bandarini aliwaona mbwa wakigombania biskuti za mabaharia, zile kavu za unga na maji ambazo hukaa melini miezi mingi bila kuoza. Akavisahau vikinga radi, akaanza kutengeneza biskuti zake za ngano, mboga, bitiruti na nyama iliyokaushwa. Nyama ilitangazwa kuwa ya ng'ombe wa mbuga za Marekani, na mwenyewe hakupenda kuulizwa zaidi ya hapo. Kampuni yake ikamwajiri kijana aitwaye Charles Cruft, na biashara ya biskuti ikamfungulia kijana yule mlango wa maonyesho ya mbwa. Mwaka 1891 alianzisha maonyesho yake London, na hadi leo yanaitwa Crufts.

Umbo la mfupa ambalo watu hulidhani ni la asili lilipata umaarufu kutoka New York, ambako kiwanda cha F. H. Bennett kilianza mwaka 1908 kuoka biskuti iliyokuja kujulikana kama Milk-Bone. Mbwa hajali umbo. Mfupa ule ni wa kumfurahisha anayelipa.

Je, tumbo la mbwa linauwezaje unga, ilhali babu yake ni mbwamwitu? Jibu lilitoka Sweden. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala walitangaza matokeo ya kulinganisha jeni za mbwa na za mbwamwitu. Iko jeni moja inayoliamuru kongosho kutengeneza amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwamwitu wana nakala 2 za jeni hiyo. Mbwa walikutwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Utafiti mwingine, wa mwaka uliofuata, ulikuta dingo wa Australia ana nakala 2 tu kama mbwamwitu, na saluki, yule mbwa mwembamba wa kuwinda anayeenziwa na Waarabu wa Ghuba, akakutwa na nakala 29. Dingo hakuishi na wakulima. Wahenga wa saluki waliishi pale pale ngano ilipoanza kulimwa. Kwa hiyo mbwa alibadilishwa na jalala letu: aliyeweza kula makombo ya nafaka alishiba, akazaa, akaacha watoto wa aina yake.

Hata hivyo, kwenye mate ya mbwa hakuna amilesi ya maana kama iliyomo katika mate yetu. Kazi ya kuvunja wanga inaanzia kwenye utumbo mdogo, na unga mbichi humpa taabu zaidi. Hapo ndipo moto unapoingia. Chembe za wanga wa ngano zikikutana na maji na joto la nyuzi 60 hivi, huvimba, hulainika na kufunguka, na kimeng'enya hupata pa kushika. Yai nalo linataka moto: ute mbichi una protini inayoifunga bayotini, vitamini ya ngozi na manyoya, na likipikwa protini hiyo huharibika na kumwacha mnyama salama. Unaweza kusema kwamba oveni humsaidia mbwa nusu ya kazi ya tumbo lake.

Ulimi wake ni maskini. Vionjio vyake ni kama 1,700, wakati binadamu ana karibu 9,000. Pua ndiyo tajiri: vipokezi vya harufu vinahesabika kwa mamia ya milioni, nasi tuna milioni 5 au 6 tu. Ndiyo maana mpishi wa mbwa hatafuti utamu, anatafuta harufu. Unga ukiokwa hadi rangi ya kahawia, sukari kidogo za asili na protini zilizomo huungana kutoa ile harufu ya mkate, mmenyuko ambao mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mbwa akae chini ya meza. Ukiongeza dagaa, hatoki.

Na dagaa ninaowasema ni wa Ziwa Victoria, wale Wakenya wanaowaita omena na Waganda mukene. Wa Zanzibar ni watamu, lakini wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo mbwa haihitaji. Wa Mwanza huanikwa bila chumvi. Tatizo lao ni mchanga, kwa kuwa wengi hukaushwa juu ya ardhi tupu ufukweni. Waoshe mara mbili tatu kwa maji ya moto, uwakaushe tena kwenye kikaango, kisha uwasage au kuwatwanga. Samaki hawa wadogo wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo protini na kalsiamu huingia pamoja.

Kanuni yenyewe ni fupi. Vikombe viwili vya unga wa atta, kikombe kimoja cha viazi vitamu au boga lililochemshwa na kupondwa, yai moja, na vijiko viwili vya unga wa dagaa. Changanya kwa mkono mpaka upate donge gumu kuliko la chapati. Likinata ongeza unga, likipasuka ongeza maji kidogo. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata vipande vidogo kwa kisu, usijisumbue na maumbo. Choma kila kipande kwa uma ili mvuke upate pa kutokea. Oveni iwe nyuzi 180, dakika 25 hadi 30. Kwa mtu wa jiko la mkaa, ule moto wa juu na chini unaookea mkate wa kumimina unafaa kabisa, mradi makaa ya chini yawe machache. Atta unaweza kuipunguza kwa kuongeza ulezi au mtama, ila donge litavunjika kirahisi zaidi, kwa kuwa nafaka hizo hazina ile protini ya ngano inayovuta.

Wengi wanaishia hapo, na baada ya siku nne wanakuta biskuti zimeota manyoya ya kijani. Kuoka hakujakamilika mpaka kukausha kumekamilika. Zikishaiva, shusha moto hadi nyuzi 100, au zima oveni uziache humo humo na mlango ukiwa wazi kidogo, saa mbili tatu, mpaka kipande kikivunjwa kitoe mlio na katikati pasiwe na unyevu. Kuvu hawaishi pasipo maji; biskuti za mabaharia zilidumu kwa siri hiyo hiyo moja. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa zihifadhi kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, zikishapoa kabisa, na zile ambazo hazijakauka vizuri ziwekwe kwenye friji.

Sasa visivyotiwa. Vitunguu, maji na saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mchuzi wa makombo ya jana umejaa vitunguu. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo. Kakao ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huchukua saa 17 na zaidi kuipunguza nusu tu. Gramu 10 hivi za unga wa kakao, yaani vijiko viwili vya chakula, zinatosha kumtia taabani mbwa wa kilo 10. Makadamia, zinazolimwa kwa wingi Murang'a, Embu na Meru, humlegeza miguu ya nyuma kwa siku moja au mbili. Kungumanga iache kwenye pilau. Donge lenye hamira ambalo halijaokwa likiliwa huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe.

La kuogopwa kuliko yote ni zailitoli, sukari bandia iliyomo kwenye bazoka na pipi zisizo na sukari na kwenye baadhi ya siagi za karanga. Kwetu haidhuru. Kwa mbwa huliamsha kongosho limwage insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaporomoka ndani ya saa moja, na ini likafuata. Ukitaka kutumia siagi ya karanga, soma lebo: E967 ni jina lake jingine.

Kiasi nacho kina hesabu. Madaktari wa mifugo husema vitafunio visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Mbwa wa kilo 10 asiyefanya kazi nzito hutumia kilokalori 600 hivi kwa siku, kwa hiyo fungu la vitafunio ni 60. Biskuti kavu ya gramu 10 ina kama 35. Moja asubuhi, nusu jioni, basi. Macho yake yatakuambia vingine.

Najua atakayesema: watu wanahangaika na bei ya unga, wewe unamwokea mbwa! Hoja hiyo naiheshimu. Lakini mbwa wa ulinzi analishwa kila siku kwa vyovyote vile, na biskuti chache hazizidi gharama ya ugali anaopikiwa. Kwa nyumba za pwani zenye kufuata madhehebu ya Shafi, ambako chombo alicholamba mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo, biskuti kavu ina urahisi wake: humrushii kwenye sahani, humrushia uani tu, akadaka.

Linalonisumbua zaidi ni ule unga wa mbwa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mahindi yaliyobadilika rangi, pumba za chini ya gunia na karanga chungu hazitupwi. Husagwa zikawa chakula cha mbwa. Kuvu waitwao Aspergillus ndio hukaa humo, na hutoa sumukuvu inayoharibu ini. Binadamu anajulikana kuathirika: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa ni dhaifu zaidi mbele yake kuliko wanyama wengi. Tena mbwa ndio waliotangulia kutupa habari. Mwaka 1952 madaktari wa mifugo kusini mwa Marekani walieleza ugonjwa wa ini wa mbwa usiojulikana chanzo, ukaitwa homa ya ini X. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Ndipo ilipobainika ni nini kilikuwa kinawaua wale mbwa. Hata viwanda havijapona: kati ya mwishoni mwa 2020 na 2021, vifo vya mbwa zaidi ya 100 viliripotiwa Marekani vikihusishwa na chakula cha dukani chenye sumu hiyo.

Na moto hauisaidii biskuti hapa. Sumukuvu huanza kuvunjika karibu na nyuzi 240, na ndani ya biskuti inayookwa kwa nyuzi 180 joto halifiki hata hizo 180. Kuvu watakufa, sumu itabaki. Kuchekecha hakuiondoi, kuanika juani hakuiondoi, kuosha hupunguza tu. Mbwa aliyekula hukataa chakula, hutapika, fizi na weupe wa macho vikageuka njano, mkojo ukawa mweusi. Ukiona dalili hizo usingoje kesho, mwite daktari wa mifugo na umwonyeshe unga uliotumia.

Kwa hiyo nunua unga wa mbwa kama unavyonunua wako, na karanga uzichambue moja moja. Mahindi yenye ukungu yafukie. Usimpe mbwa, na usimpe kuku wala ng'ombe ukidhani umeokoa hasara, maana sumu hiyo hupita kwenye mayai na maziwa ikarudi mezani kwako.