Futi 178 kwa Sekunde 4.6: Vinara wa Misukosuko ya Angani

1. Mporomoko wa kutisha zaidi

Tarehe 21 Mei 2024, Boeing 777 ya Singapore Airlines kutoka London ilikuwa juu ya Myanmar na watu 229, futi 37,000 angani: karibu Kilimanjaro mbili zilizobebana. Taa ya mikanda ikawaka. Sekunde 8 baadaye, kishindo! Ndani ya sekunde 0.6 nguvu inayomkalisha mtu kitini iligeuka na kumvuta darini kwa mara moja na nusu ya uzito wake. Mwenye kilo 60 alirushwa juu kwa nguvu ya kilo 90, gunia zima la mahindi. Kisha akabwagwa chini. Ndege ilishuka futi 178, yaani mita 54, kwa sekunde 4.6, nusu ya urefu wa jengo la KICC, Nairobi. Kwa sekunde 8 za onyo la taa ya mikanda, aliye chooni hafiki hata kwenye kiti chake. Abiria wa miaka 73 alifariki, na zaidi ya watu 100 walitibiwa Bangkok.

2. Jumbo iliyostaafishwa kwa pigo moja

Desemba 28, 1997: Boeing 747 ya United, Tokyo kwenda Honolulu, watu 393. Hao wanajaza mabasi saba ya mikoani. Zaidi ya 100 waliumia, na abiria mmoja ambaye hakuwa amefunga mkanda alipoteza maisha. Ndege ilirudi Tokyo salama, lakini haikubeba tena abiria wa United.

3. Upepo uliovunja ndege

Mlima Fuji, Machi 5, 1966. Upepo uliovuka kilele uliipasua Boeing 707 ya BOAC ikiwa hewani, na wote 124 wakafa. Ndege ya kivita ya Marekani iliyokwenda kutafuta mabaki ilipigwa hapohapo: kipimo chake cha nguvu kilisoma kutoka 9 chanya (mara 9 ya uzito wa mtu, kumkandamiza chini) hadi 4 hasi (mara 4 ya uzito wake, kumrusha juu). Singapore Airlines, kwa kulinganisha, ilifika 1.5 hasi tu.

4. Wanaoumia kuliko wote

Si abiria, ni wahudumu! Marekani, kuanzia 2009 hadi 2022, msukosuko ulijeruhi vibaya watu 163, na 129 kati yao walikuwa wafanyakazi wa ndege. Wao husimama na toroli za chakula wakati wengine wamekaa. Abiria walikuwa 34, idadi ya Coaster moja iliyojaa, katika nchi inayosafirisha mamia ya mamilioni kila mwaka. Heshima yangu yote naipeleka kwa wanaosimama.

5. Anga linalochafuka kwa kasi zaidi

Atlantiki ya Kaskazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walikokotoa saa za msukosuko mkali usio na mawingu katika sehemu ya kawaida ya anga hilo: 17.7 kwa mwaka 1979, na 27.4 kwa mwaka 2020. Ni ongezeko la asilimia 55, hadi zaidi ya siku nzima kwa mwaka. Joto la dunia linazidi kutofautisha kasi ya pepo za juu na za chini yake. Na kwa kuwa hakuna wingu, rada ya rubani haioni kitu.