Intaneti Ikilegea Nyumbani, Tafuteni Kwanza Palipo na Kosa

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika siku hizi katika nyumba za askari na polisi ni lile la kompyuta ambayo intaneti yake huenda kwa mwendo wa kinyonga, au hukatika kila mara bila sababu kujulikana. Mtoto hukatizwa somo lake, na mzazi aliye kazini mbali hushindwa kuzungumza na jamaa zake. Mara nyingi mwenye nyumba hukimbilia dukani kununua chombo kipya. Fedha zikaisha, na shida ikabaki pale pale. Sisi twaona kwamba haifai kutoa dawa kabla ya ugonjwa kujulikana.

Yapasa ieleweke kwamba intaneti hupita njia mbili. Ya kwanza hutoka nje hadi kwenye ruta, yaani kile chombo kinachoipokea na kuigawa nyumbani. Ya pili hutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Hiyo haina waya, bali ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale ya simu za upepo mnazozitumia kazini.

Basi unganisheni kompyuta na ruta kwa waya. Kasi ikirudi, kosa limo katika mawimbi ya ndani. Isiporudi, jaribuni kompyuta nyingine kwa waya ule ule. Hiyo ikienda vyema, ya kwanza ndiyo mgonjwa. Zote zikilegea, huenda kosa liko nje. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo, ingawa haina pwani. Siku kama hiyo, kubadilisha ruta ni kutupa fedha.

Ikiwa kosa limo ndani, kwanza tazameni mahali. Askari wa mawasiliano ajua kwamba simu ya upepo haisikiki bondeni kama isikikavyo kilimani. Ruta nayo haipendi kufichwa pembeni au nyuma ya kabati la chuma. Bati huyarudisha mawimbi, na ukuta mnene huyapunguza nguvu. Katika zile nyumba za bati za mviringo ambazo polisi wa Uganda wamezikalia miaka mingi, ruta iliyo katika nyumba moja yaweza kusikika kwa taabu katika ya pili. Iwekeni juu, mahali pa wazi, karibu na kompyuta.

Pili, angalieni masafa. Ruta nyingi hutumia gigahezi 2.4 na 5. Masafa ya 2.4 hufika mbali zaidi, lakini yana msongamano, na hata jiko la maikrowevu huyavuruga. Yale ya 5 yana kasi, ila hushindwa na kuta upesi. Katika kambi ambamo nyumba zimebanana, ruta nyingi huweza kuwa katika chaneli moja; hapo kila moja hungoja zamu yake ya kusema. Katika masafa ya 2.4, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Chagueni ile yenye majirani wachache.

Tatu, chunguzeni wageni. Ruta huonyesha orodha ya vyombo vilivyounganishwa nayo. Mkiona msichokijua, badilisheni neno la siri, liwe refu, na mchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Hapo si kasi tu inayolindwa, kwani aliyeingia katika mtandao wa nyumba amekwisha kuikaribia kompyuta ya askari na yaliyomo.

Nne, izimeni ruta kwa nusu dakika, kisha iwasheni. Ikihitaji hivyo kila siku, huenda inapata joto mno, au programu yake ni ya zamani na yahitaji kufanywa upya.

Badilisheni jambo moja tu kwa wakati, mpime, kisha mwandike siku, saa na matokeo. Daftari hilo litawafaa mbele ya fundi au kampuni inayowauzia intaneti, maana hawataweza kusema kosa ni la nyumbani hali mmekwisha kupima kwa waya. Polisi mwema hamkamati mtu kabla ya uchunguzi. Na ruta isihukumiwe kabla ya kuchunguzwa.