Amana ya Njia ya Mfalme

Kutoka Abisko, kijiji cha Uswidi kilicho kaskazini mno hata jua la kiangazi halichwi kwa majuma kadhaa, hushuka kusini hadi Hemavan njia ya miguu iitwayo Kungsleden, yaani Njia ya Mfalme, masafa yapatayo kilomita 440, ikipita katika mabonde na nyika za milimani ambazo tangu kale ni malisho ya kulungu wa Wasami, wenyeji wa asili wa huko. Walio wengi hawaimalizi. Hutosheka na sehemu ya kaskazini, wakapanda upenyo wa Tjäktja, ulio mita 1,150 hivi juu ya bahari, kisha wakaelekea Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote ya nchi ile.

Katika sehemu hiyo msafiri hana haja ya kujitwika hema, kwa kuwa Jumuiya ya Utalii ya Uswidi, iliyoasisiwa mwaka 1885, imejenga nyumba za mbao zilizoachana mwendo wa siku moja, aghalabu kilomita 10 hadi 20. Mna vitanda, meko ya gesi na jiko la kuni la kuotea moto. Umeme na mtumishi hamna. Yuko msimamizi apokeaye ada na kutoa habari za hali ya hewa. Ama kuteka maji kijitoni, kupasua kuni, kumwaga maji machafu mahali pake na kufagia kabla ya kuondoka, hiyo ni faradhi ya mgeni mwenyewe, awe tajiri au mwanafunzi, na kuni anazozipasua asubuhi aghalabu humwotesha mwingine jioni.

Kanuni hii hudhihirika zaidi mahali njia ikatwapo na ziwa, kama vile Teusajaure, ambako huwekwa mashua tatu za makasia kwa sharti kwamba kila ng'ambo ibaki walau moja. Basi akutaye moja tu upande wake huvuka nayo, akaifunga nyingine nyuma yake, akarudi kuiacha, ndipo akavuka tena: safari tatu kwa ziwa moja, wala hapana askari wa kumsimamia. Aonaye uzito wa kazi hiyo na akumbuke kwamba mashua aliyoikuta ikimngoja iliachwa hapo na mtu aliyechoka kama yeye.