Msitu wa Pugu, jirani tusiyemtembelea

Kamati za sharika hutuuliza mara kwa mara mahali pa kuwapeleka vijana wakati wa likizo, mbali na ufukwe waliokwisha kuuzoea. Sisi tunapendekeza Pugu. Kutoka Kawe mnapita Mwenge, mnafuata barabara ya Mandela hadi Tazara, kisha ya Nyerere hadi Gongo la Mboto na kuendelea kuelekea Kisarawe. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Ni kipande cha misitu ya pwani ambayo zamani ilienea kuanzia Somalia hadi Msumbiji. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote, asiyepatikana nje ya Tanzania. Katika mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe, wamejaa popo. Jua likizama hutoka kwa makundi. Wanaokwenda mchana watafurahia njia za miguu, ndege na kivuli, kitu adimu Dar es Salaam.

Msitu huu unatuhusu hata tusipoutembelea. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivi na kuteremka hadi Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoliharibu bonde lile, baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, huku kwetu Kinondoni. Hatusemi yaliletwa na kukatwa miti Pugu peke yake. Ujenzi bondeni na taka mtoni vilichangia. Ila kilima kilichovuliwa miti hakishiki maji ya mvua.

Na miti hiyo imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa, mkaa unaopikia chakula mjini, Kawe ikiwemo. Kiingilio cha wageni husaidia kazi ya ulinzi, na mchoma mkaa hapendi njia inayopitiwa na watu.

Kamati zitoe taarifa mapema kwa ofisi ya hifadhi ili zipatiwe mwongozaji. Vijana wavae viatu vya kufunika miguu, wabebe maji, na warudi na taka zao. Masika njia huteleza sana, ni afadhali kusubiri Juni. Kwa wafadhili: gharama kubwa ni nauli ya basi. Anayeguswa na habari ya mkaa anaweza pia kuanzia kwenye jiko la gesi la jikoni kwa usharika, pale panapopikiwa kila sherehe.