Gari Adimu Lina Ndugu Wengi

Mtu anayetafuta gari lake la kwanza mjini Mbarara, Uganda, hupewa ushauri ule ule na kila fundi, kila dereva wa teksi na kila shemeji: nunua Vitz, Premio au Corolla, na ukiona gari dogo la bei ya chini lenye nembo usiyoizoea, pita zako. Sababu yake ni spea. Gari lisilo na spea likiharibika huegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wakataga ndani yake, na hela ya mwenyewe imekwenda. Ushauri huu umezaliwa na hasara za kweli na anayeutoa humtakia mwenzake mema, lakini naona umepitiliza. Umelifanya soko liyatupe magari madogo mengi katika fungu moja la yasiyofaa, ilhali baadhi yake ni Toyota kwa kila kitu isipokuwa jina. Wanaoumia ni watu wa kipato kidogo, ambao nafuu ya bei kati ya Vitz na gari lisilotakiwa ingewatosha kununua tairi nne na betri mpya. Ninachosema ni kwamba uadimu wa gari upimwe kwa vitu vilivyo ndani yake. Nembo ya mbele haitoshi kuwa kipimo. Fundi anayelielewa jambo hilo anaweza kulitunza gari lisilojulikana kwa gharama zinazokaribiana na zile za gari linalojulikana na kila mtu.

Chukua Daihatsu Boon. Lilitoka Japani mwaka 2004 sambamba na Toyota Passo, na magari hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yameundwa na Daihatsu, yakatofautishwa kwa nembo, grili na mapambo madogo. Kwenye bamba la utambulisho Passo la lita moja huandikwa KGC10, na Boon huandikwa M300S. Ulaya umbo hilo liliuzwa kwa jina la Sirion, na baadaye Subaru nao wakabandika nyota zao wakaliita Justy. Chini ya boneti kuna injini ya 1KR-FE, ya silinda tatu na ujazo wa sentimita 996, inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Injini hiyo ndiyo iliyomo katika Vitz la lita moja lililotoka mwaka 2005, lile la KSP90. Ndiyo pia iliyofungwa kwenye Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1, magari matatu yaliyoanza kuundwa mwaka huo huo katika kiwanda kimoja mjini Kolín, Jamhuri ya Czech. Rimu zake hushikwa kwa nati nne kwenye duara la milimita 100, kipimo kile kile cha Starlet na Vitz. Basi mtu aliyeuziwa Boon kwa bei ya kutupwa kwa sababu hakuna aliyelitaka ana injini ambayo ndugu zake wamejaa katika barabara ya Masaka, na akipasua rimu usiku hana haja ya kuisubiri kutoka Osaka.

Undugu wa namna hii ni mpana kuliko wanunuzi wanavyodhani. Toyota Duet lililotangulia Passo lilikuwa Daihatsu Storia. Toyota Cami ni Daihatsu Terios. Nissan Pino ni Suzuki Alto, Nissan Moco ni Suzuki MR Wagon, na Mazda AZ-Wagon ni Suzuki Wagon R. Subaru iliacha kabisa kuunda magari yake madogo mwaka 2012, na tangu hapo yale ya aina hiyo yanayobeba jina lake hutoka Daihatsu. Yapo, hata hivyo, magari madogo ambayo kweli hayana ndugu, na hapo ushauri wa wazee wa gereji unabaki palepale. Subaru R2 lina injini yake ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 658 ambayo hutaikuta kwenye Toyota yoyote. Smart la viti viwili limebeba injini nyuma, na giaboksi yake hubadilisha gia kwa mota inayoamriwa na kompyuta. Kulinunua gari la namna hiyo ukiwa wilayani Isingiro ni kujitakia taabu. Tofauti kati ya makundi haya mawili huonekana kwenye bamba dogo la chuma chini ya boneti, penye namba ya aina ya gari na aina ya injini, na kulisoma ni kazi ya dakika moja. Inasikitisha kuona watu wakikagua redio na viti kwa nusu saa bila kulitazama bamba hilo.

Suala hili lina uzito wa pekee Nakivale, katika wilaya hiyo ya Isingiro. Makazi hayo ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ni miongoni mwa ya zamani kabisa barani Afrika, na leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na Ethiopia. Yako takriban kilomita 60 kutoka Mbarara, na sehemu ya mwisho ya safari ni ya vumbi kiangazi na tope masika. Hospitali kubwa iko Mbarara, na duka la jumla liko Mbarara. Spea ambayo Mbarara haina hutafutwa Kampala, kwenye soko la Kisekka. Gari likikwama ndani ya makazi hayo, Juru au Rubondo, gharama ya spea yenyewe mara nyingi ni sehemu ndogo ya hasara. Kubwa ni siku za kusubiri, nauli ya kuifuata, na nauli ya kuirudisha ikigundulika kwamba siyo. Kosa hilo la mwisho ndilo linaloepukika kuliko yote, kwa sababu huanzia kwenye namna ya kuagiza. Kumtumia muuzaji picha ya pampu iliyochakaa na neno “Passo” ni kumwachia abahatishe. Toyota huandika namba za spea zake kwa makundi mawili ya tarakimu au herufi tano. Kundi la kwanza hutaja aina ya kitu, kwa mfano 04465 ni pedi za breki za mbele, na la pili hutaja ni ya gari gani. Spea nyingi zilizobuniwa na Daihatsu huanza na herufi B katika kundi hilo la pili. Fundi mwenye namba hiyo anaagiza kitu kimoja tu duniani, na muuzaji wa Kisekka anakitoa hata kama hajawahi kuona Boon maishani mwake.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi waliosoma, na kwamba gereji ya mabati kambini haiwezi kuyafikia. Mimi naona kinyume chake. Mafundi waliotoka Bukavu, Uvira na Bujumbura wamejifunza kazi katika miji ambako magari ya mtumba ya Kijapani, ya usukani wa kulia, yalikuwa yakipita kwenye barabara za upande wa kulia, na spea ikikosekana ilibidi ujue ya gari gani itaingia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa Kampala, Nakivale na Kyangwali, ulipinga kwa ushahidi dhana kwamba wakimbizi wametengwa na uchumi wa nchi au hawajui teknolojia. Uganda yenyewe, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010, inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Maarifa na ruhusa vipo. Kinachokosekana ni maandishi, maana mengi ya maarifa hayo yamo kichwani mwa mtu mmoja mmoja, na mtu huyo akipata nafasi ya kuhamia Canada huondoka nayo.

Gumu zaidi ni suala la kulibadilisha gari, na hapa nadhani mafundi na wateja wanashirikiana katika kosa. Jambo la kwanza ambalo mwenye gari dogo huliomba ni kuinuliwa, ili lisipige tumbo kwenye mashimo. Fundi huweka spesa juu ya shokapu za mbele na nyingine kwenye springi za nyuma, gari linapanda sentimita tano, na mteja anafurahi. Lakini draivu shafti zinazotoka kwenye giaboksi kwenda magurudumuni sasa zimeinama kupita pembe zilizokusudiwa. Mpira wa joint hukunjwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili katika kila mzunguko wa gurudumu, hadi unapasuka kwenye mkunjo. Grisi hurushwa nje ikachora mstari mweusi ndani ya rimu, na vumbi jekundu la Isingiro huingia mahali pake. Muda si mrefu, usukani ukikatwa hadi mwisho husikika ta-ta-ta, na joint imekwisha. Mabomba ya breki nayo yamevutwa, taa zinapiga juu kuliko zilivyopangwa, na gari jembamba lililobebeshwa abiria limekuwa jepesi kupinduka. Kwa sentimita tano mteja amenunua matatizo manne.

Ninayoyatetea ni mabadiliko yanayoheshimu pembe na vipimo vya kiwandani. Springi mpya badala ya zilizolegea peke yake hurudisha urefu ambao gari lilizaliwa nao, na magari mengi “mafupi” ni magari yaliyochoka tu. Bamba la chuma chini ya sampu, lililotobolewa tundu la kumwagia oili na matundu ya hewa, huzuia lile jiwe moja linaloua injini. Tairi yenye ubavu mrefu kidogo, isiyogusa matao, hupunguza pigo. Kwa upande mwingine lipo badiliko ambalo ningependa likome kabisa, nalo ni la kung’oa themostati gari likichemka. Injini hupoa, ni kweli. Lakini haifiki tena joto lake la kazi, sensa inaiambia kompyuta kwamba bado ni baridi, kompyuta inaongeza petroli, na mwenye gari lililosifiwa kwa kunywa kidogo analalamika kwamba limekuwa lafi. Kilicholichemsha huenda kilikuwa rejeta iliyoziba kutu kwa kujazwa maji ya mtoni badala ya kulanti, na tatizo hilo limebaki pale pale. Kosa la jamaa moja na hilo ni kumimina oili ya kawaida ya otomatiki kwenye giaboksi ya CVT. Passo la kwanza la lita moja lina otomatiki ya gia nne, na lile lililotoka 2010 lina CVT yenye mkanda wa chuma unaohitaji oili yake maalumu. Jina la gari ni lile lile, na anayekwenda kwa jina ataiua giaboksi kwa lita nne za oili safi.

Kuna pingamizi zito kuliko la spea. Je, gari la lita moja linafaa huko hata kidogo? Mbarara iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, ambako hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya nane ya nguvu zake. Farasi 71 za 1KR-FE hushuka hadi sitini na kidogo. Gari lenyewe lina uzito wa takriban kilo 900. Likibeba watu watano limeshajaa, na likibeba wanane na mkungu wa matoke kwenye buti halifai kuwa barabarani. Nakubali hayo yote, na ndiyo maana simshauri mtu anunue Boon kwa biashara ya abiria. Kazi yake ni ya mwalimu, muuguzi, au muuza dawa anayekwenda mjini na boksi zake, watu ambao leo hupanda boda kwa umbali ambao boda ni hatari. Kuhusu usalama, Desemba 2023 Daihatsu walikiri kwamba majaribio ya usalama ya magari yao yalikuwa yamechezewa kwa miaka mingi. Aina 64 zilihusika, baadhi zikiuzwa kwa nembo ya Toyota. Aibu hiyo inawapasa wanunuzi wote wa magari madogo kuwa macho, nao waliolipa zaidi kwa ajili ya nembo ya Toyota hawakununua kinga yoyote.

Kuna vitu ambavyo undugu wa injini hauvisaidii, na fundi mwaminifu atavitaja kabla hela haijalipwa. Taa za mbele, vioo, bampa na milango ni vya umbo la gari lenyewe. Bati likibonyea hunyooshwa na kupulizwa rangi, lakini taa iliyopasuka haichomelewi. Kwa hiyo gari adimu lenye injini mbovu na taa nzima ni bora kuliko lenye injini nzima na taa zilizopasuka, jambo ambalo mnunuzi wa kawaida hulikataa. Nayo sheria iliyozuia tangu Oktoba 2018 kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi ina maana kwamba Boon na Passo za toleo la kwanza haziingii tena. Zilizopo ndizo hizo, na zinazidi kuzeeka. Wengine wataona hiyo ni sababu ya kuzikimbia. Mimi nadhani ndiyo sababu ya kujifunza kuzitunza sasa, maana zitauzwa kwa bei ya chini zaidi kwa watu wasio na uwezo wa kununua kingine, na injini yao iliendelea kufungwa kwenye magari mapya miaka mingi baadaye.

Nchi hii imewahi kujivunia gari dogo la kwake. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, na mradi huo ukaja kuzaa kampuni inayounda mabasi. Ninaheshimu kazi hiyo. Ila uhandisi wa magari madogo unaomgusa mtu wa Nakivale unafanyika chini ya mwembe, bila ruzuku. Unahitaji vitu vichache vya bei ndogo: kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta kinachoelewa magari ya soko la ndani la Japani, tathmini ya ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini nje ya Uganda ili wapate hati inayotambulika Mbarara, na kitabu cha Kiswahili, lugha ambayo Mkongo, Mrundi na Mganda wa gereji wanaelewana kwayo, chenye namba za spea zilizothibitishwa kwa kufungwa kwenye magari. Kitabu hicho kikipatikana, mwenye Boon lililokwama Rubondo ataagiza pampu ya maji kwa namba asubuhi, na Kisekka wataitoa kwenye rafu ya Vitz.