Somo la Radio: Kutafuta Wenzi wa Kuacha Pombe

Wako Wakristo katika vijiji vyetu ambao kila mwaka, siku ya Majivu, huahidi mbele ya padri kwamba hawataonja tena kileo. Kwaresima yote hushika neno lao. Pasaka ikifika, hunywa kikombe kimoja kwa furaha ya sikukuu, na kabla ya Pentekoste wameonekana tena wamelala njiani. Watu husema: Yule ni mwongo. Sisi twaona ya kuwa aliahidi kwa moyo, lakini alikwenda vitani peke yake.

Hatusemi juu ya mzee anayekunywa kasiksi kidogo arusini, kisha akarudi nyumbani akiimba. Twasema juu ya yule ambaye kikombe cha kwanza humwita cha pili, na cha pili humwita cha kumi. Anayeuza mbuzi wa karo ya watoto apate lutuku au kanyanga. Ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka anywe. Waganga huita hali hiyo ugonjwa.

Swali: Mtu akiisha kuungama vema, je, haitoshi?

Jibu: Kitubio chaondoa dhambi. Lakini aliyevunjika mguu kwa sababu ya ulevi, akiisha kuungama, bado yampasa kufungwa vijiti na kungoja mfupa uunge. Kiu ya mlevi nayo yataka uuguzi wake, na uuguzi uliosaidia wengi ni kukaa pamoja na wengine wenye kiu ile ile.

Jambo hilo lilionekana wazi huko Marekani, mwaka 1935, katika mji wa Akron. Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York, alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano hivi. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika, akabaki hotelini bila rafiki, akisikia kelele za wanywaji. Akaogopa. Badala ya kuingia kwa wanywaji akapiga simu kwa watu wa makanisa, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kusema naye. Hakuomba mhubiri! Wakamkutanisha na Bob Smith, mganga mpasuaji, ambaye pombe ilikuwa ikimwangamiza. Bob alikubali kukaa naye dakika 15 tu. Wakazungumza saa nyingi hata usiku, kwa maana huyu mgeni hakumkaripia, bali alimsimulia aibu zake mwenyewe. Bob alianguka mara moja tena, kisha akanywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, kwa Kifaransa Alcooliques Anonymes, maana yake walevi wasiotajwa majina. Sasa kiko katika nchi zaidi ya 150.

Wengine watauliza kama Mkatoliki aweza kukaa katika kikundi chenye watu wa dini mbalimbali. Chama hicho si dini, wala si cha kanisa lolote. Tena mwaka 1939 mtawa Mkatoliki, Mary Ignatia, alianza kuwapokea walevi pamoja na mganga Bob katika hospitali ya Mtakatifu Toma, Akron, wakati hospitali nyingi ziliwafukuza. Padri Edward Dowling, Myesuiti, alikuwa mshauri wa Bill kwa miaka 20 hivi.

Katika mikutano hiyo hakuna ada. Mwenye kutaka hutoa kidogo kwa gharama za kikundi. Sharti la kuingia ni moja: kutaka kuacha kunywa. Mmoja husema habari zake, wengine husikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu. Mgeni aweza kunyamaza jioni nzima. Yaliyosemwa hayatoki nje. Labda mtacheka, kwa kuwa kijijini kila mtoto amjua mlevi ni nani. Lakini siri inayolindwa ni maneno yake, na mtu akiisha kusikia maneno yake kisimani, hatarudi tena.

Basi, mwenye kutafuta kikundi amwulize padri au katekista, na mganga wa dispensari. Anayekwenda mjini aulize katika hospitali kubwa. Akiambiwa hakuna, asikate tamaa: Akron walianza wawili. Amtafute mmoja aliyekwisha kuacha, au mmoja anayetaka kuacha, wachague siku moja ya juma na saa ile ile daima. Sisi twapenda jioni ya siku ya soko, kwa sababu ndiyo saa ya hatari. Wakae chini ya mwembe au katika darasa tupu, mbali na nyumba ya pombe. Asiwepo karani wa kuandika majina, wala chifu wa kusimamia. Aliyeanguka arudi mkutano unaofuata, wala asiulizwe kwa ukali.

Lakini sikilizeni vema neno hili. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi asiache ghafula bila mganga. Siku za kwanza aweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka kama mwenye kifafa, na wengine hufa. Kwanza aende dispensari au hospitali, na wenzi wake wamsindikize.

Nao walio nyumbani wana taabu yao. Mwaka 1951 jamaa za walevi walianzisha huko Marekani chama chao, Al-Anon, ili wasaidiane wenyewe kwa wenyewe. Wake wa kijijini waweza kukutana vivyo hivyo. Na mama apikaye pombe ili apate karo ya watoto, huku mumewe anajitahidi kuacha, asitukanwe na mtu. Ila mitungi aihamishie kwa dada yake, apikie huko, na wenzake wamsaidie kutafuta kazi nyingine, kama kuuza mihogo au mafuta ya mawese.